Sura ya Saba: Mshushe Misigiri

Mwambie mtu wa Mombasa kwamba unakwenda Tanzania, atadhani ni Tanga kwa ndugu, Unguja kutembea, au Kariakoo kununua vitenge. Mwambie ni Singida, tena peke yako, tena wewe ni mwanamke, atakuuliza umegombana na nani nyumbani. Mama yangu mdogo hakuuliza hata hilo. Alinifungia halua na ubani, akasema watu wa bara ni wazuri lakini hawana bahari ya kuwatuliza.

Misigiri iko wilaya ya Iramba, kwenye barabara kuu itokayo Singida mjini kwenda Nzega. Hapo ndipo njia inapochepuka kwenda Kiomboi, makao makuu ya wilaya. Ni njia panda kama njia panda nyingine za Tanzania: maduka ya vocha na soda, gesti, mama lishe, bodaboda chini ya kivuli, magunia ya vitunguu, madumu ya mafuta ya alizeti yakimeremeta juani. Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Mwanza na Bukoba hupita hapa, na malori yaliyopakia bandarini Dar yakielekea Rwanda, Burundi na Kongo. Mbele kidogo barabara inateremka mlima Sekenke hadi Shelui, kisha inaingia mbuga ya Wembere kuelekea Igunga. Anayeshuka Misigiri ana shughuli yake Iramba. Wengine wote wanaiona dirishani.

Nimeipa sura nzima kwa sababu moja. Arusha au Nungwi, mgeni aliye peke yake ni mteja. Mtu anamngoja uwanja wa ndege na karatasi yenye jina lake, na upweke wake umeshapigiwa hesabu ndani ya bei ya chumba. Misigiri hakuna aliyejiandaa kumpokea. Hapo ndipo utaona nchi yenyewe inamfanyaje mtu asiye na mwenzake.

Inamkabidhi. Sikuliona neno hilo katika kitabu chochote cha safari, lakini nimeliona likitendeka kuanzia Horohoro mpakani hadi Iramba, na sasa naamini ndilo jambo la kwanza kulijua kwa yeyote anayetaka kuzunguka nchi hii mwenyewe. Mtu anakupokea kwa mtu, anakaa nawe kipande cha njia, anakutia mikononi mwa mwingine.

Asubuhi ya kuondoka Singida mjini, mama mwenye gesti alinisindikiza mpaka stendi, ingawa sikumwomba. Alikuwa amejifunga kanga juu ya koti. Alisimama mlangoni mwa basi akamwita kondakta kwa sauti iliyosikika stendi nzima.

“We kijana, njoo hapa. Huyu mgeni wangu. Mshushe Misigiri, asipitilizwe Shelui.”

“Sawa mama, nimemwona.”

“Umemwona au unaniitikia tu?”

“Nimemwona, mama. Misigiri.”

Muda wote huo hakuna aliyenitazama. Walinizungumzia kama mzigo wenye jina juu yake, nami nikasimama kando na begi langu. Kondakta alimhamisha kijana mmoja kutoka siti ya nyuma ya dereva, akanikalisha hapo pembeni ya mzee aliyepakata kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na jogoo aliyekuwa amekubali yaishe. Kuku wa Singida wana jina nchini. Mabasi na malori huwapeleka mpaka Dar, na huyu alikuwa mmoja wa wachache waliokuwa wakielekea upande mwingine.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mwanangu. Watokea wapi?”

“Mombasa.”

“Mombasa ya Kenya? Nilidhani Mzanzibari.” Akafikiri kidogo. “Na mwenzako yuko wapi?”

“Niko peke yangu, baba.”

“Pole. Kuna msiba?”

Swali hilo niliulizwa tena na tena njia nzima, na halina ubaya wowote. Katika bara la Tanzania mtu husafiri mbali kwa sababu zinazojulikana: msiba, harusi, mgonjwa, biashara, uhamisho wa kazi, Injili. Vijana wengine husafiri kwa machimbo. Kutembea tu, bila mtu unayemwendea, si sababu. Nilipojibu kwamba nimekuja kuona nchi, mzee alitazama nje, alizeti upande huu na mawe makubwa upande ule, akaniambia nchi ndiyo hiyo, niione. Kisha akaniuliza Kenya debe la mahindi ni kiasi gani, na tukawa na mazungumzo ya maana.

Nawajua wasafiri ambao kukabidhiwa kunawachukiza. Wameondoka nyumbani ili pasiwe na shangazi wa kuwauliza wanakwenda wapi, na sasa wamepata mashangazi basi zima. Nawaelewa. Lakini sikubaliani nao. Usalama wa mtu aliye peke yake ugenini hautoki kwenye simu wala kwenye pilipili ya kupulizia. Unatokana na kuonekana. Jina lako likishatajwa hadharani pamoja na pale unaposhuka, watu arobaini wanajua ulikuwamo na unatakiwa utoke wapi. Basi lilipozubaa kidogo kwenye kituo cha kabla ya Misigiri, watu watatu walinigeukia kwa pamoja kunikataza nisishuke.

Haikuwa hivi siku zote, na katika nchi hii hii. Novemba 1874 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo na msafara wa watu kama 350, akapita Ugogo, akakata kaskazini kuingia Unyaturu. Miongoni mwa watu wa pwani aliokuwa nao ni mmoja aliyemwandika kwa jina la Kaif Halleck, ambaye mwaka 1871 ndiye aliyemfikishia Livingstone mfuko wa barua kule Ujiji. Januari 1875 mtu huyo aliugua pumu njiani. Akabaki nyuma ya wenzake, peke yake. Alikutwa ameuawa. Siku chache baadaye, mahali paitwapo Vinyata, msafara ulipigana na wenyeji, ukapoteza watu zaidi ya 20, na Stanley akachoma vijiji kulipiza. Kisha wakaingia Iramba, wakapita hadi Ziwa Viktoria.

Vitabu vya Wazungu vinalisimulia tukio hilo kama ukatili wa washenzi. Mimi namfikiria Mnyaturu aliyeamka asubuhi akaona watu mia tatu na ushei, wengi wao na bunduki, wakielekea kwenye mtama wake. Angemjuaje yule mmoja aliyechelewa nyuma, kwamba ni mgonjwa tu wa kifua? Hakuna aliyemkabidhi kwake. Karne ile mtu wa pwani hakuingia bara peke yake labda awe amechoka kuishi. Selemani bin Mwinyi Chande, ambaye masimulizi ya safari yake ya bara yamo katika kitabu cha Carl Velten cha mwaka 1901, alikwenda kwa kundi, na hivyo ndivyo kila mtu alivyokwenda.

Ila wapagazi walikuwa na ujanja wao ambao Stanley hakuujua au hakuujali: utani. Wengi waliouchunguza utani wa Tanzania wanahusisha kuenea kwake na njia hizo za misafara. Mnyamwezi akifika Uzaramo alikuwa na watani wake: watu walioruhusiwa kumtukana, kumnyang'anya kofia, kumcheka mbele ya wakwe, na ambao kwa haki hiyo hiyo walilazimika kumlisha na, akifa ugenini, kumzika. Mgeni akawa na mtu wa kumpokea hata pale asipokuwa na ndugu, na kukabidhiwa kwa leo, kama nionavyo, ni mtoto wa utani huo.

Ndiyo maana nchini humo huulizwa kabila bila aibu. Kitabu cha wageni cha gesti kina safu yake: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Mkenya aliyepitia ghasia za uchaguzi za mwaka 2007 na 2008 akiona safu hiyo moyo unamruka, kwa sababu kwetu swali hilo liliulizwa na watu wenye mapanga. Huku linaulizwa ili ijulikane wakutanie namna gani. Mkenya hana kabila linalojulikana Iramba, kwa hiyo taifa lake zima linafanywa kabila. Kondakta alipomsikia mzee akiitaja Mombasa, alinijia mbio na mashine yake ya tiketi.

“Dada, ukirudi kwenu waambie Kilimanjaro ni yetu. Msiendelee kuwadanganya Wazungu.”

“Tutawarudishia mkiacha kutuletea vitunguu vidogo.”

Basi lilicheka, na tangu hapo nikawa na watani. Sheria inasema kitu kinachofanana kwa lugha ya ofisini: Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na Mkenya haombi viza. Abebe pasipoti, na kadi ya njano ya chanjo. Hayo ndiyo ya mpakani. Yaliyobaki yote yanafanyika ndani ya basi.

Sasa mipaka ya mambo haya, maana sitaki msomaji aondoke akidhani Tanzania ni ya malaika. Kukabidhiwa kunamfaa zaidi anayeonekana dhaifu: mwanamke, mzee, mtoto, mgeni anayejulikana kuwa mgeni. Kijana wa kiume mwenye begi mgongoni hakabidhiwi kwa mtu. Sekenke na Shelui ni nchi ya dhahabu tangu Wajerumani. Walichimba hapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916, walipokuwa wamekatiwa njia ya bahari, dhahabu ya Sekenke iligeuzwa kuwa sarafu za rupia 15, zenye picha ya tembo, katika karakana ya reli kule Tabora. Wachimbaji wadogo bado wapo. Machimbo mapya yakisikika, vijana wanatoka mikoa yote, kila mmoja na blanketi lake, na hao ndio wasafiri wa peke yao hasa wa barabara hii. Mmoja alikaa mbele yangu. Aliposema anashuka Shelui, hakuna aliyemuuliza kama kuna msiba. Mama mmoja alisogeza mkoba wake. Niliona, na yeye aliona.

Jambo jingine ni usiku. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalikatazwa kutembea usiku, kwa sababu ya ajali na majambazi. Mwaka 2023 yakaruhusiwa tena. Wafanyabiashara wamefurahi, na wana haki. Lakini mnyororo wa kukabidhiana unahitaji watu walio macho. Kondakta wa saa nane usiku ataitikia “nimemwona”, halafu atakushusha penye giza, mama lishe amelala, bodaboda ni mmoja na humjui. Aliye peke yake achague basi litakalomfikisha mchana, hata kama nauli imezidi. Na asipande IT. Haya ni magari yaliyoshushwa melini Dar yakiendeshwa kwenda nchi jirani; hayaruhusiwi kubeba abiria lakini hubeba, kwa bei poa na kwa mwendo wa kutisha. Hakuna tiketi, hakuna kondakta, hakuna aliyesikia jina lako. Ukiingia humo umebaki nyuma ya msafara.

Madereva wa malori wananielewa katika hili. Wengi siku hizi wanakwenda wenyewe, hawana hata utingo. Pale Misigiri nilimsikia mmoja, Mrundi, akimweleza mama lishe kwamba akitoka Dar hulala palepale kila safari, si kwa kuwa pana gesti nzuri bali kwa kuwa mwenye duka la mafuta anamjua, na asipotokea siku zake atauliza.

Nilishushwa Misigiri saa nne kasoro. Kondakta hakuniacha barabarani. Alivuka na begi langu mkononi, dereva akipiga honi kwa hasira, akanifikisha kwenye kibanda cha mama lishe. “Mama, mgeni huyu, wa Kenya. Anangoja gari ya Kiomboi.” Akakimbia. Sikujua jina lake, na hela aliyonidai ni nauli tu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kaa mwanangu, jua halijawa kali. Umekula?”

Jua halikuwa kali hata kidogo, na hili wasomaji wa pwani walisikilize. Tunaiita nchi ya joto, na mchana wa mwezi wa kumi kabla ya mvua ni joto kweli, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno. Lakini nyanda hizi ziko juu sana kuliko Mombasa. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa asubuhi unapita katikati ya mbavu, na shuka nyembamba ya gesti haikusaidii. Wenyeji walikuwa na makoti na kofia za sufu. Mimi nilikuwa na dera na mtandio. Mama lishe aliniangalia, akasogeza benchi karibu na jiko la mkaa bila kusema lolote.

Alikuwa akipika mlenda. Majani yalikuwa yamekaushwa na kutwangwa, akayamimina kwenye maji ya moto kwa mkono mmoja huku mwingine ukikoroga, akaongeza karanga iliyosagwa, akaonja kwa kugusa kiganja chake na ncha ya mwiko. Mlenda unavutika kama bamia, na mtu wa biriani huuogopa anapouona. Ulaji wake una ufundi wake. Unamega tonge la ugali wa mtama, unalibonyeza katikati kwa kidole gumba, unachota na kuzungusha mkono ili uzi ukatike, kisha upesi mdomoni. Nilipochelewa kuzungusha, uzi ulinifuata mpaka kidevuni, na bodaboda wawili waliokuwa wakinywa chai wakageuza nyuso zao kwa heshima. Mama hakugeuza uso. Alicheka mpaka akakaa.

“Kwenu mnakula nini?”

“Wali wa nazi, mama. Na samaki.”

“Kila siku?”

“Mwenye uwezo, kila siku.”

“Ndiyo maana mnakuja kutembea,” akasema. “Mmeshiba.”

Nimewahi kusoma vitabu vya watu waliozunguka dunia wenyewe, na wengi hufika kwenye ukurasa wa kusifu ukimya, wa kujitafuta. Sina uhakika ukimya huo unapatikana wapi kati ya Dodoma na Nzega. Pale kibandani niliulizwa nina watoto wangapi, nasali wapi, nani anampikia mume wangu nisipokuwepo, na kwa nini Wakenya wanagombana kila uchaguzi. Sikuulizwa ninajisikiaje. Kwa mtu aliyezoea faragha hii ni adhabu. Lakini ukitaka kuijua nchi, anayekuuliza maswali amekupa haki ya kumuuliza yake, nami niliitumia: nikajua vitunguu vilishuka bei mwaka huo, nikajua mtoto wake wa kwanza yuko Dodoma chuoni, nikajua kwamba njia ya Kiomboi ndiyo inayoendelea kuelekea daraja la Sibiti, na kwamba tangu daraja lijengwe watu wa Meatu wanavuka bila kungoja maji yapungue.

Gari ya Kiomboi ni Noah, na huondoka ikijaa. Kujaa ni neno la dereva. Siti zikiisha kuna mapaja, mapaja yakiisha kuna mlango wa nyuma. Nilikuwa nimeshaingia, begi langu likiwa chini ya miguu ya mtu nisiyemwona, mama lishe alipokuja dirishani akimshika mkono msichana wa sekondari mwenye sare na sanduku la bati. Nilidhani ananikabidhi mimi kwake. Alikuwa akimkabidhi yeye kwangu.

“Dada wa Kenya, huyu anarudi shule. Mwangalie mpaka Kiomboi.”

“Nimemwona, mama.”

Akapakatwa mapajani mwangu, sanduku juu yake. Dereva alitaka nauli kamili na gari zima likamgeukia, maana mwanafunzi halipi kamili. Walioongoza vita hivyo walikuwa wanawake wawili waliokuwa hawajasalimiana hata kwa neno. Dereva akashindwa. Njiani yule msichana alinionyesha kanisa, akanionyesha shamba la babu yake, akaniuliza kama ni kweli kwetu shule zina mabasi ya njano. Mimi Kiomboi sikuwa ninaijua hata kidogo, kwa hiyo tulipoingia mjini yeye ndiye aliyemwambia dereva anishushe wapi.